Tope la Ndani ya Rimu

Nina aibu, lakini acha niseme. Veronika, dereva wa watalii hapa Karatu, aliniletea gari usukani ukitetemeka. Nikachungulia tairi la mbele, nikaona tope la huko kreta anakopeleka watalii limegandia ndani ya rimu. Fundi yeyote angeligonga tu likaanguka, na mtetemo ukaisha. Mimi nikasema bushi, zile raba za vyuma vya mbele, zimekwisha, ili twende wote hadi kijiji cha Qurus kulijaribu gari.

Alirudi mara nne, mtetemo ukizidi, nami nikibadilisha vyuma vizima ili nimsikie tena akicheka pembeni yangu.

Jana alikuja rimu zote zimeoshwa.

“Siku ile ya kwanza nilikuona ukilichungulia lile tope, fundi,” alisema taratibu. “Nikasubiri wee, useme lililo moyoni. Jumamosi natolewa mahari.”