Vidonge Visivyopanda Konvoi

Nilishuka Beni kwa ajili ya mwanamume aliyekuwa akikubali kila kitu. Mkewe, Mama Zaina, nilisoma naye sekondari hapa Butembo kabla hajaolewa huko. Alinipigia simu, sauti yake ya chini.

"Masika, tension ya damu ya Baba Zaina iko juu sana. Unajua vile kaka yake alikufa: alianguka mu bafu, basi. Dawa iko mu kabati, mais yeye hapana kumeza. Kila mutu anamuambia, anajibu ndiyo. Njo umusemeshe. Weye si uko kocha?"

Nilikuwa kocha kweli. Mimi ni muuguzi, na kituo chetu kilinipeleka kwenye mafunzo ya ukocha wa afya, kazi ya kumshika mtu mkono kabla hajafika kitandani. Kazi hiyo ilikuwa imeingia Butembo kama pikipiki zilivyoingia: ghafla, na bila mtu kuuliza leseni. Jirani wa kituo chetu, muuza chaja za simu, naye alikuwa ameongeza kwenye kibao chake: "Kocha wa sukari, tension na ndoa." Wateja wake walikuwa wengi kuliko wetu.

Asubuhi, Butembo. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mabati, na mimi nilikuwa nimevaa sweta mbili. Niliingia taksi ya Beni na picha zangu za mafunzo zimekunjwa chini ya kwapa. Zilionyesha watu wembamba wakikimbia kando ya ziwa, wakicheka, viatu vyeupe. Abiria wa pembeni yangu alizitazama akauliza hao watu wanamkimbia nani.

Baada ya kijiji cha Maboya, kizuizi cha jeshi. Askari aliomba vitambulisho, akauliza kazi yangu.

"Kocha wa afya."

"Coach?" Uso wake ulifunguka. "Équipe nani? Ya ndembo?"

Nilimweleza kwamba si mpira, kwamba ninafundisha watu kujikinga na magonjwa: kulala vizuri, kupunguza wasiwasi. Alinisikiliza mpaka mwisho, bunduki begani. Kisha akasema yeye hapana kulala vizuri tangu alipoletwa huku. Afanye nini? Nikaanza kukunjua picha zangu. Dereva alipiga honi, nikashukuru Mungu.

Kadiri tulivyoshuka, joto lilipanda, nikavua sweta moja, kisha ya pili. Beni ilinipokea na vumbi lake na pikipiki zake.

Mchana, nyumbani kwao. Baba Zaina ni mtu mkubwa, mpole, kofia yake ya sala imenyooka kichwani. Ana lori lake mwenyewe na analiendesha mwenyewe, Beni hadi Kasindi mpakani, kurudi na sabuni na chumvi.

"Karibu, dada. Asalam aleikum. Mutu wa Butembo akikuya, kwanza anakula."

Walileta fufu, sombe, majani ya muhogo, iliyoogelea ndani ya mawese, na makayabu, samaki wa chumvi ambaye kwenye mafunzo tulikuwa na saa nzima ya kumlaani. Kukataa chakula cha mgeni ni kumtukana mwenyeji. Nilikula. Niliongeza. Kisha, nikiwa bado nalamba vidole, nikaanza somo juu ya chumvi.

"Ni vya kweli," alisema Baba Zaina.

Nikaingia kwenye mafuta. "Ni vya kweli kabisa." Nikamshauri atembee kila jioni mpaka nje ya mtaa, apate hewa. Hapo alimtazama mkewe, mkewe akatazama chini. Hakuna mtu wa Beni anayeenda kutafuta hewa nje ya mtaa jioni, waasi wako porini. Lakini hata hilo alilikubali. Nikamuuliza kama atameza dawa. "Inshallah, dada."

Nilikuwa nimemaliza somo zima, na nilijua hakuna neno hata moja lililobaki ndani ya nyumba ile. Nikakunja picha zangu.

Alasiri, Mama Zaina alikwenda sokoni, nasi tukabaki barazani. Nilikuwa nimechoka kufundisha. Kwa uchovu tu, nikamuuliza: "Baba Zaina, ile dawa inakufanyia nini?"

Alivuta kofia yake mbele.

"Inaleta mukojo, dada. Mingi." Aliangalia mlango. "Ile njia ya Kasindi tunaenda na convoi, malori yote pamoja. Basoda na bunduki mbele, basoda nyuma. Huwezi kusimama. Siku moja nilishindwa, nikasimama kwa kona. Ile wakati nafunga mukaba ya suruali, convoi ilikuwa imeenda. Nilibakia na pori, mimi peke. Niliendesha nasoma dua. Tangu ile siku, nilisema tension iniue kwangu, kitandani. Hapana mule."

"Kwa nini hukumwambia daktari?"

"Daktari ni mutoto mwanamuke. Nimuambie mambo ya mukojo?"

"Na mke wako?"

"Akijua nilibakia mu pori, yeye ndiye tension itamuua."

Sikuwa na picha ya jambo hilo. Nilikaa naye mpaka Mama Zaina aliporudi, tukizungumza habari za matairi.

Asubuhi iliyofuata nilimsindikiza kwenye kituo cha afya. Mwenyewe alikazia macho ukuta, mimi nikasema kwa niaba yake. Yule daktari kijana hakucheka wala hakushangaa. Alimpima tena, akambadilishia dawa, ya aina isiyosumbua kibofu, akamtaka arudi kupimwa baada ya safari. Mazungumzo yote yalikuwa mafupi kuliko foleni.

Mchana nilipanda tena kuelekea baridi yetu. Mkuu wetu Butembo alitaka kujua nimetumia mbinu gani. Nilipomwambia nimeuliza swali, alisubiri niendelee.

Baba Zaina anameza dawa zake. Kuhusu chumvi, bado ananikubalia. Majuzi alipiga simu, na nyuma yake nilisikia injini za malori.

"Dada, huku parking bachauffeur ba malori banabeba tension mingi, banaficha. Naketi nabo, nabauliza polepole. Batatu balikuya kwa daktari. Sasa bananiita kocha." Akaongeza: "Donc, iko mafunzo ya hii kazi?"

Nilijifunza kwamba mtu anayekubali kila kitu hajaulizwa bado. Siku hizi kituo kikinipa makocha wapya, wamebeba picha zao, nawashusha Beni kwanza, wakakae na Baba Zaina parking siku nzima. Sharti lake ni moja: mpaka saa sita, kocha asifungue kinywa.