Lenku na Perege wa Mama Shamsia

Lenku hakuwahi kuonja samaki maishani mwake, na akimwona mtu anamtafuna alitazama pembeni, kama aliyemkuta jirani anakula nyoka. Alikuwa Mmasai wa nyanda za Handeni. Mfugo kwake ni ng'ombe, mbuzi na kondoo; vingine vyote ni vitu vya porini tu.

Kijijini kwetu palikuwa na pampu ya upepo, pangaboi kubwa la mabati juu ya mnara. Upepo ukivuma, pampu ilivuta maji ya kisima na kuyamimina kwenye birika la mifugo. Yaliyozidi yaliteremka kwa mfereji hadi kwenye bwawa la samaki la akina mama, ambao kiongozi wao alikuwa Zamda, mama Shamsia. Walikubaliana vizuri: ng'ombe wa Lenku wanywe pale, naye atoe samadi ya kurutubisha bwawa. Perege wakanenepa, mayungiyungi yakachanua, vyura wakapiga kelele hadi watu wakalalamika, na ndege tusiowajua majina wakahamia.

Kisha ikaja miaka ya soko huria. Josho la serikali likafungwa, kila mfugaji akaambiwa ajinunulie dawa ya kupe. Lenku akanunua dawa na bomba la kubeba mgongoni, akawapulizia ng'ombe wake mwenyewe. Alipomaliza, hakuliosha bomba birikani, wasije wakanywa sumu. Alishuka kidogo, akaliosha mferejini. Mtu mwangalifu kweli! Ng'ombe aliwafikiria wote, hata ndama. Samaki hawakumjia akilini kabisa.

Asubuhi perege walielea matumbo juu, bwawa zima, na vyura pamoja nao. Lenku alipofika na mifugo alitazama mfereji, akaelewa palepale. Na akanyamaza. Ulikuwa ukame, na kama angefukuzwa pale, ng'ombe wake wangekufa.

Lawama ikamwangukia Isihaka, fundi aliyekuwa akiitia pampu grisi. Ati ameacha oili ivujie majini. Kwenye mkutano wa kijiji mama Shamsia alikuwa wa kwanza kumnyooshea kidole. Lenku alikuwepo, ameegemea fimbo yake, anatazama chini. Isihaka akaondolewa kazini, akahamia Mkumbara kuziba pancha za baiskeli.

Tangu hapo Lenku hakuwa na raha. Hata maziwa yalimshinda, na mkewe Naitoi, mama Naisula, akadhani ni malaria. Bwawa lilikuwa kimya, na kila aliponywesha ng'ombe kimya kile kilimsuta. Mimi namlaumu, sifichi. Ila sina hakika kwamba ningekuwa mimi ningefungua mdomo.

Mvua ziliponyesha, aliswaga mtamba mmoja hadi kwa mama Shamsia, akasema yote.

Mama Shamsia alikaa chini. "Baba Naisula, yule mtu amefukuzwa kwa mdomo wangu huu. Huyo ng'ombe si wangu, ni wake. Twende tukampe. Aibu hii ni yetu sote."

Wakampakia mtamba kwenye lori lililokuwa likienda Mkumbara. Isihaka walimkuta amechuchumaa kando ya barabara, tairi mkononi. Lenku akaeleza. Isihaka alimsikiliza hadi mwisho bila kuacha kusugua mpira.

"Nilikuona siku ile unaosha bomba," alisema.

"Uliniona? Mbona hukusema?"

"Nilijiambia, Lenku ni mtu mzima, atasema mwenyewe. Pale mkutanoni nilikuwa nakutazama wewe tu, bwana. Hukuinua macho."

Mama Shamsia akaanza kulia. Isihaka akaingiza mpira ndani ya tairi, akaanza kujaza upepo. Lenku alisimama na kamba ya mtamba mkononi, ameinyoosha mbele, na Isihaka hakuipokea.