Kashata za Boksi la Dhahabu

Aibu hii niliitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe, na nawasimulia mimi kabla hamjaisikia kwa wengine ikiwa imetiwa chumvi (ingawa chumvi haihitaji).

Miaka ile ya vita, nchi yetu ilipowekewa vikwazo, chokoleti za Ulaya zilikuwa zimepotea madukani, nikajiambia basi, sasa ni zamu ya kashata zangu kupanda cheo. Kwetu Buyenzi nilikuwa naziuza kwenye sinia, mteja anachagua kwa macho, mimi namega kipande nakula mbele yake, naye ananunua, maana ndiyo desturi ya mji wetu, anayekupa cha kula au cha kunywa anatangulia kuonja ili ujue hakuna sumu. Lakini sinia nikaiona ya kishamba. Nikakata makatoni, nikayavika karatasi ya dhahabu, nikapanga kashata ndani, nikapaka gundi pande zote, nikafunga utepe mwekundu, na juu nikaandika kwa Kifaransa «Délices de Bujumbura», yaani vitamu vya Bujumbura, kila mgeni na boksi lake. Nilipomaliza nilikaa nikiyatazama kama mama anayetazama wanawe wamevaa nguo za Idi.

Mama Diane, mtumishi wa serikali wa kule Kigobe, akayachukua yote kwa sherehe ya mahari ya binti yake. Kaka yake Mama Diane alikuwa na alimentation, duka kubwa la vyakula mjini, na akiyapenda angeyaweka kwenye rafu zake. Mume wangu ni fundi wa magari na spea zilikuwa hazipatikani, kwa hiyo nyumba yangu nzima ilikuwa inaisubiri rafu hiyo. Sherehe ilifanywa mchana, kwa sababu usiku ilikuwa marufuku kutoka nje, na mchana wenyewe ulikuwa wa Ramadhani.

Niliyagawa mwenyewe, na wageni wa upande wa bwana harusi wakapokea maboksi, wakayageuza, wakasifu utepe, wakayaweka mapajani. Hakuna aliyefungua. Mama Diane akaelewa mapema kuliko mimi, akafungua la kwake, akala. Shangazi wa bwana harusi, mama mpole kabisa, akasema, "Iyo ni yako, mama. Na hii yangu, nani ataonja?"

(Hapo ndipo akili ikanirudia. Sinia ni moja, ukionja umewaonjea wote, lakini boksi lililogandishwa kwa gundi jikoni kwangu, mahali ambapo hakuna aliyeniona, kila moja linadai mwonjaji wake. Na wakati ule watu walikuwa hawaaminiani hata kwa kikombe cha maji.)

"Mama Zuhura njo amezitengeneza," Mama Diane akasema, akinionyesha kwa kidevu. "Ataonja."

"Mi nafunga," nikasema. "Ni Ramadhani."

"Sawa, apana shida," shangazi akasema, akaliweka boksi lake chini ya kiti, na wengine wakafuata mmoja mmoja bila ugomvi wowote. Yule kaka mwenye duka akalitazama lake, akanitazama mimi, akainama kuliweka chini naye. Nikaiona rafu inaniponyoka. Basi nikaliokota boksi la shangazi, nikachana utepe, nikamega kashata, nikatafuna polepole ili kila mtu aone, nikameza.

Shangazi akanigeukia.

"Si umesema unafunga?"

"Nilikuwa nafunga, tantine."

"Sasa kama Mungu wako unamufanyia ivi, mi mutu hata hunijue, utaniacha?"

Hakuna aliyecheka, afadhali wangecheka. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, aibu ya pande mbili, maana nilikuwa nimewapoteza wageni na swaumu kwa kipande kimoja cha karanga. Yule kaka aliaga bila kunisemesha, na maboksi niliyarudisha Buyenzi ndani ya gunia.

Swaumu ya siku ile niliilipa baada ya Idi. Dukani kwa yule bwana sijakanyaga hadi leo, nikipita pale navuka barabara. Na niliapa kwamba simfungii tena mtu chakula asichokiona, na mwezi wa Ramadhani mchana siuzi kitu, nalala.