Kilichonyonya Betri ya Zuena

Jabiri alikuwa mwanamume wa kukaa. Ukimkuta kijiweni kwenye kahawa, hapa kwetu Tabata, shati limenyooka kwa pasi ya mkewe, utadhani anasubiri kuitwa aamue mambo ya dunia. Mie nimepakana naye ukuta, na sijawahi kumsikia akisema "sijui".

Mkewe, Zuena, hakuwa na muda wa vijiwe. Alikuwa mpambaji wa maharusi. Vitambaa, maua, mazulia, vyote alivipakia kwenye kirikuu yake, kile kigari kidogo cha mizigo, aliyoinunua kwa jasho lake na kuiendesha mwenyewe, leo Pugu, kesho Temeke. Nyumba ile ilikula kwa kirikuu ile.

Basi gari ikaanza kugoma asubuhi. Jioni imezimwa nzima, ikilala haiamki. Zuena anageuza funguo, inalia tk, kimya. Tunaitwa majirani tusukume mpaka ishike. Na Jabiri, kwa kupenda sifa, ndiye aliyekuwa mbele na singlendi yake, akitoa somo huku anahema.

"Betri za siku hizi feki tupu! Si nilisema?"

Zuena akanunua betri mpya. Haikuchukua muda nayo ikafa. Jabiri akahamia kwenye jenereta, eti haichaji. Aliposhindwa huko akasema ni kijicho cha watu, akafunga kitambaa cheusi kwenye bampa. Mwanamume mzima, na ndevu zake, analiwekea bampa kinga.

Ikafika harusi ya Pugu. Siku hiyo hata kusukuma hakukusaidia, na Zuena alipopata gari ya kukodi, bibi harusi alishaingia ukumbini na jukwaa liko tupu. Mama mtu akamtukana mbele ya wageni. Zuena aliporudi hakulia. Kesho yake tuliisukuma tena hadi ikawaka, akaipeleka Manzese kwa Kornelio, Mmakonde mmoja fundi umeme wa magari. Nikapanda naye, nilikuwa nafuata mabati huko huko.

Kornelio aliipima kwanza ikiwa inanguruma.

"Jenereta inachaji. Na betri nzima, dada. Kuna kitu kinakula moto gari ikiwa imelala."

Akaizima, akachomoa waya wa hasi kwenye betri, akaunganisha mita katikati ya waya na betri. Gari imezimwa, milango imefungwa, lakini mita inasoma umeme unatoka. Akaanza kuchomoa fyuzi, moja moja. Ya taa, mita haikutikisika. Ya honi, vile vile. Alipochomoa ya redio, namba zikaporomoka.

"Redio yenyewe ilishakufa," Zuena akasema.

"Basi kuna mwingine anakula kwa jina lake."

Akafungua dashibodi. Nyuma ya redio kulikuwa na kidude cheusi kimeviringishwa kwa utepe, kina kitaa kinapepesa, na ndani laini ya simu. Kidude cha kuonyesha gari ilipo. Pembeni yake rilei, swichi ndogo inayojiwasha kwa umeme.

"Iguse," Kornelio akasema. "Ya moto. Aliyefunga ameunga waya vibaya, rilei inashika umeme hata ukitoa funguo. Umekiweka wewe?"

"Hapana."

Fundi akainamisha macho, akajifanya anatafuta bisibisi. Zuena alikitazama kile kidude, kisha akacheka kicheko kifupi ambacho sitaki kuchekewa mie.

"Kitoe, braza. Unipe."

Tulimkuta Jabiri mezani anasubiri chakula. Zuena akakiweka kile kidude kwenye sahani tupu iliyokuwa mbele yake.

"Chako hicho."

Jabiri akageuka rangi. Alianza kwa kukana, akaja kwenye mapenzi, akamalizia na wivu ni sunna ya ndoa. Zuena akamwacha amalize.

"Simu yako ilikuonyesha niko wapi?"

"Ilikuwa inaonyesha."

"Ikakuonyesha wapi?"

Akaisogeza sahani pembeni. Kisha, kwa sauti ya mtoto aliyevunja chungu, "Kwenye harusi. Na Kariakoo kwenye vitambaa."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na bado hukukitoa. Ukawa unaisukuma gari kila asubuhi, unatukana betri. Jabiri, hata mwizi hajisukumii gari aliyoiharibu mwenyewe."

Hakupiga kelele. Alipakia vitambaa vyake na nguo zake, akaenda kwa shangazi yake Temeke.

Wazee wa pande zote wakakaa kusuluhisha. Jabiri alikuja na kanzu mpya, akasema alikuwa analinda nyumba yake. Mzee mmoja akamuuliza Zuena kama anamchukia mumewe.

"Simchukii, baba. Mtu ukimchukia si bado unamweka moyoni? Huyu sina pa kumweka. Naomba talaka yangu."

Akaipata, baada ya Jabiri kuzungushazungusha ili aonekane anabembelezwa.

Kirikuu haijagoma tena. Zuena anapamba mpaka Kibaha, ameajiri wasichana wawili. Jabiri yuko kijiweni, shati makunyanzi. Juzi nilimsikia anamweleza mgeni kwamba betri ikifa, cha kwanza chunguza kama kuna kitu kinanyonya umeme gari ikiwa imezimwa. Anaeleza kwa utulivu, kidole juu, kama fundi. Mgeni akamuuliza aliyajulia wapi.

"Uzoefu," akasema, akaagiza kahawa kwa mkopo.