Minazi sita ya Bi Mize

Nani kati yenu ashaisoma vizuri karatasi yake ya mauziano? Kaisomeni leo hii, nakuombeni.

Mimi muuguzi, mume wangu mwalimu. Miaka tisa tumepanga, vyumba viwili na watoto watatu. Mbweni kwa matajiri tunapita tu, bei ya kiwanja hatuulizi.

Mwaka jana tukapata sehemu huko shamba, ina minazi sita. Ya Bi Mize, mtu mzima na heshima zake.

Leo asubuhi fundi kaanza kuchimba msingi. Mara wakaja watoto wa kaka yake Bi Mize.

"Dada, mnajenga kwa ruhusa ya nani?"

Tukaenda kwa sheha, kiongozi wa hapo kijijini. Bibi akaitwa.

"Shikamoo bibi. Si wewe uliyetuuzia?"

"Marahaba mwanangu. Nilikuuzieni minazi. Ardhi ya ukoo, mimi nitaiuzaje?"

Sheha akaisoma karatasi. Kweli, minazi sita. Ardhi haikutajwa popote.

Huku kwetu mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Nshalisikia hilo tangu mdogo, lakini mimi mtu wa mjini, nkaona ni mambo ya kale.

Bibi hakutudanganya, wallahi. Ndilo linaloniuma, hata wa kumlaumu sina.

Tena akaniuliza kwa upole, "Kwani hiyo minazi yenu haizai?"



Tumeikata yote wiki iliyopita, tupate nafasi ya nyumba.