Niliikaza Mpaka Ikalia

Mwezi uliopita nilirudi Kiganjo kumzika Mwalimu, jirani yetu wa zamani. Baba hakwenda mazishini. Alisema miguu inamuuma, na hakuna aliyemuuliza zaidi. Niliporudi nilimkuta amesimama kando ya gari langu. Nilikuwa nimepata pancha asubuhi nikija, na gurudumu lililozibwa lilikuwa linangoja kurudishwa. Mkononi alishika kopo la mafuta.

Kopo hilo, rafiki yangu, lilinirudisha mbali.

Gereji ya baba ilikuwa uwanja wa nyumba yetu tu, udongo mwekundu uliogeuka mweusi kwa oili. Mimi nilishinda jikoni na nyanya, mama yake baba, tukichambua maharagwe ya kupikia githeri pamoja na mahindi, moshi ukituchoma macho, na kazi za baba nilizijua kwa masikio. Nyundo kwenye rimu. Jeki ikilalamika. Halafu, mwisho wa yote, tak.

Hiyo ilikuwa spana ya kipimo. Unaiwekea kiasi cha nguvu unachotaka, na nati ikifika hapo spana inalia, nawe unaacha. Mafundi wengine walipanda juu ya spana kwa mguu na kuruka. Baba alianza kila nati kwa vidole, kisha akakaza moja huku na inayoielekea kule, akivuta polepole. Akimaliza, aliirudisha spana kwenye kipimo cha chini ili springi yake ipumzike, ndipo akaiviringisha kwenye blanketi. Nyanya alisema katika watoto wake wote hakuna aliyewahi kufunikwa vizuri hivyo.

Na kabla ya kukaza, alipaka mafuta. Kwetu ukungu haukauki, na kutu hushika nati mpaka zikatwe kwa msumeno. Fundi asiyepaka mafuta tulimwona mvivu. Bolti za pikapu ya Mwalimu ndizo zilizopakwa kuliko zote, maana Mwalimu alikuwa rafiki. Alipita kwenye pengo la ua bila kubisha, akanywa chai kwa kikombe chake mwenyewe kilichokaa kwetu. Kila alipotaka kwenda Doldol kununua mbuzi, baba alifungua magurudumu, akayakagua, akapaka, akakaza upya.

Safari moja gurudumu la mbele liling'oka mteremkoni. Pikapu ilipinduka, na Mwalimu akavunjika mguu ambao haukunyooka tena.

Watu walisema ati fundi alisahau kukaza. Baba alikwenda hospitalini na chupa ya uji, akasimama kando ya kitanda, na mama alitusimulia walichoambiana.

"Mwalimu, niliikaza mpaka ikalia."

"Basi ililia uwongo," Mwalimu alijibu, akageukia ukutani.

Uji ulirudi nyumbani ukiwa baridi. Baadaye pengo la ua lilipandwa miiba kutoka upande wa pili. Kule kwenye mashine ya kusaga unga, wanawake walimtania mama: "Mama, hiyo gunia umefunga mpaka ikalia?" Mama alicheka nao, kisha akaanza kupeleka mahindi kusagwa mbali, nasi tukibeba. Magari yalipungua. Baba hakubishana na mtu. Alisema sentensi ile moja tu, mezani, kanisani, hata kwa daktari wa macho. Mimi nilimwamini, kwa kuwa nilikuwa nimesikia kutoka jikoni.

Ufundi sikusomea. Nilijifunza ukubwani, kwa vitabu vya magari vya mitumba, kwa sababu sentensi hiyo haikuniacha. Na katika kimoja nilisoma jambo ambalo kwa miaka mingi sikuthubutu kumwambia.

Sasa, kando ya gari langu, baba alikuwa ananinyooshea kopo. "Paka kidogo, Maitu." Ananiita hivyo, yaani 'mama yangu' kwa Kikuyu, kwa kuwa nina jina la mama yake.

"Hapana, baba. Hizi zinakazwa kavu."

"Kavu? Na mvua hii?"

Ningeweza kunyamaza. Lakini kitambaa kilikuwa mkononi, nikafuta bolti huku nikimweleza. Kipimo cha spana kimewekwa kwa bolti kavu na safi. Ukipaka mafuta, nati inateleza na kuingia zaidi, na spana inalia wakati bolti imeshavutwa kupita kiasi. Ukirudia mara nyingi, bolti inachoka, na siku moja inakatika.

Alisikiliza akitazama ule ua wa miiba.

"Hata zile za Mwalimu?"

"Nadhani hata zile, baba."

Alikaa juu ya tairi la akiba. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya chini. "Basi niliikaza mpaka ikalia," alisema, "na nikamvunja mguu. Na sasa nimwambie nani?"

Ng'ambo ya ua walikuwa wakikunja mahema na kupanga viti vya kukodi. Gereji imekuwa shamba la viazi. Kikombe cha Mwalimu sijui kilikwenda wapi. Hata ile imani ya utotoni, kwamba baba alikuwa sahihi na dunia ikakosea, nimeipoteza, na nimempokonya yeye pia.

Nikaiwekea spana kipimo, nikakaza ile nati ya kwanza, polepole, kama alivyokuwa akifanya. Tak. Baba hakuinua kichwa. Masikio yake yamefifia siku hizi.

"Imelia?" akauliza.

Nikamwambia imelia.