Pointi Zote Kwenye Moto

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni nilikuwa karani katika godauni moja ya Industrial Area, Nairobi. Mke wangu na watoto walikuwa nyumbani, magharibi, kama ilivyokuwa kwa wanaume wengi wa ploti yetu ya Kariobangi. Chumba changu kilikuwa na kitanda, stovu na redio. Jumapili nikitoka kanisani nilifunga mlango, na mpaka Jumatatu sikuwa nimesema na mtu ila salamu za kwenye bomba. Nilikuwa mpweke, na sioni haya kusema.

Ofisini tulikuwa na kompyuta moja iliyounganishwa na laini ya simu, ya kutuma oda ng'ambo. Saa ya lanchi, mkubwa akienda kula, mimi niliingia kwenye mchezo. Haukuwa na picha hata moja, maandishi tu: uko pangoni, kuna buibui mbele yako, utafanya nini? Watu wa dunia nzima walicheza pamoja, kila mmoja na mhusika aliyemuunda mwenyewe. Ukipanda ngazi unapewa pointi, unazigawa utakavyo: nguvu, afya, mbio, ulinzi, uganga. Wenye busara walizigawa sawasawa. Mimi zangu zote nilizitia kwenye moto. Mchawi wangu alikuwa na afya ya kifaranga, lakini akitamka neno moja, pango zima linawaka. Mtu anayeshinda akisema "ndiyo bosi" kutwa nzima anahitaji mahali pa kuchoma kitu.

Ubaya wake, moto ule haukuchagua. Aliyesimama karibu aliungua, awe adui, awe mwenzako. Ndiyo maana hakuna aliyetaka kutembea nami, isipokuwa mtu mmoja. Alikuwa muuguzi katika nchi ya baridi, ndivyo alivyoniambia, na yeye pointi zake zote alizitia kwenye uganga. Hakuweza kuua hata panya. "Wewe choma, mimi nitakutibu," akaniandikia. Nilijifunza kungoja mpaka arudi nyuma yangu ndipo niwashe, tukawa chanda na pete. Kati ya pango na pango aliniuliza nimekula nini, kama mvua imenyesha, watoto wanaendeleaje. Nairobi nzima hapakuwa na mwingine wa kuniuliza hayo, na ningefanya lolote nisimpoteze.

Siku moja buibui alimuuma. Sumu ikamwingia kabla hajajitibu, akafa; mashine humwambia aliyekufa kwamba amekufa tu, haimwambii kilichomuua. Katika mchezo ule ukifa unarudi mwanzo kabisa, pointi zote zimekwenda na maji. Nikaandika haraka: "Sori."

Sasa, kwetu mtu akijikwaa ng'ambo ya barabara unamwambia pole. Amebeba gunia, pole. Amenyeshewa, pole. Hujamfanya chochote, unamsaidia kubeba tu. Na tulipofundishwa Kiingereza tuliichukua pole hiyohiyo nzimanzima, tukaivika "sori". Hakuna mwalimu aliyetuonya kwamba wenyewe wakilisikia neno hilo huanza kumtafuta mkosaji.

"Ulikuwa moto wako?" akauliza.

"Hapana."

"Basi unaomba msamaha wa nini?"

"Kwa sababu umekufa. Sori sana."

Walikuwapo wachezaji waliochoma wenzao makusudi ili wachukue mali yao. Alilijua hilo, nami nikajua anawaza nini.

"Niambie ukweli tu," akaandika. "Sitakasirika."

Nikaanza kumweleza pole ni kitu gani, vidole vikigongana, na hapohapo mama wa mapokezi akainua simu upande wa pili wa ukuta. Laini ikakatika.

"Nani huyo amekalia laini?" akapaza sauti. "Mzee anataka kupiga Mombasa saa hii!"

Kesho yake nilimtafuta muuguzi wangu kwenye mchezo, nikamwandikia salamu. Mashine ikajibu kwamba mchezaji huyu amechagua kutokusikia. Niliandika tena, kirefu, habari yote ya gunia na mvua, na kwamba moto wangu ulikuwa bado haujawashwa, naapa. Kila mstari ulirudi na jibu lilelile. Nilijua hasomi, lakini nikaendelea, maana sikuwa na mwingine wa kumwandikia. Machozi yakanitoka, mtu mzima na tai shingoni.

Mama wa mapokezi alikuja kuchukua faili akanikuta hivyo. Akaniwekea mkono begani.

"Aki pole," akasema. "Kwani mmefiwa?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Woi, pole sana. Ni nani ameenda?"

Nikafungua mdomo nimwambie, nikakuta jina lake halisi sikuwahi kumuuliza.